Mlinzi Uliyeniletea, Mkwe Wangu

Lwitiko A. Mwaipaja,
Afisa Utumishi (Mstaafu),
Izia, Sumbawanga.
Agosti.

Mzee Ndalahwa Mboje,
Bonde la Rukwa.
(Kwa mkono wa kondakta wa basi la bondeni)

Mkwe wangu mheshimiwa, Baba Kija,

YAH: KUMREJESHA MBWA ULIYETULETEA, PAMOJA NA SABABU ZAKE

Tafadhali rejea somo tajwa hapo juu.

Awali ya yote nakujulisha kuwa sisi huku Izia tu wazima, na baridi imeanza kulegea, ingawa upepo bado unapita mpaka ndani ya soksi. Natumaini wewe, Mama Kija na mifugo yote hamjambo katika joto lenu la bondeni. Ningeweza kukupigia simu. Lakini mambo ya wakwe hayasemwi kwenye simu, hasa simu yako wewe, ambayo kila ninapofika kwenye jambo lenyewe unasema, "Sikusikii, mkwe, niko machungani." Ndiyo maana nimeshika kalamu, kitu nilichokitumikia tangu nikiwa karani kijana kule Mbeya hadi nilipostaafu hapa Sumbawanga, katika ofisi ambayo watu wazima wenye shahada zao walikuwa wakibisha hodi mara mbili kabla ya kuingia.

Nikukumbushe mwanzo wa jambo hili. Ulikuja kututembelea baada ya mavuno. Mke wangu Rhoda akakusimulia jinsi wezi walivyoanua mablanketi yetu kwenye kamba mchana kweupe. Ulikula, ulikunywa, ukaulizia hali ya Sekela wetu na Kija wenu kana kwamba hawaishi kwako. Kisha tulipokusindikiza stendi, mguu wako mmoja ukiwa tayari ndani ya basi, ulitia mkono katika lile koti lako kubwa ukatoa kitu nilichodhani ni soksi zilizokunjwa pamoja.

"Mkwe," ulisema, "nimekuletea mlinzi. Mama yake anapambana na fisi."

Mlango ukafungwa. Nilibaki nimesimama na soksi zinazopumua, nikitafuta maneno. Sasa nimeyapata, na ninayawasilisha kwako kwa mpangilio.

1. Kuhusu kazi aliyoletwa kuifanya.

Mlinzi, kwa uchache, anatakiwa aogopwe. Mbwa wako alimwogopa kuku. Kuku mwenyewe ni yule mwekundu wa Rhoda mwenye kilema cha ukucha, anayetembea kama bibi harusi. Alimtazama mara moja tu, mbwa wako akaingia chini ya benchi, na hakutoka mpaka kuku alipotolewa uani kwa ombi maalumu.

Wiki hiyohiyo akaja mchuuzi wa vyombo vya plastiki, mtu ambaye hatumjui. Alifungua geti bila hodi. Mlinzi wetu alimkimbilia, akalala chali, akamwonyesha tumbo. Halafu akamtangulia hadi mlango wa sebule, akigeuka nyuma kuhakikisha mgeni hapotei njia. Yule bwana aliniambia, "Mzee, mbwa wako mkarimu sana." Nilinunua beseni ambalo hatukulihitaji, kwa sababu ya aibu.

Usije ukadhani kwamba habweki. Anabweka. Anambwekea mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo ni mimi. Nilitoka mjini kufuatilia mambo yangu nikiwa nimevaa suti na tai. Nilipofika mlangoni pangu alisimama kizingitini, manyoya yamemsimama, akanizuia kuingia. Rhoda akatoka jikoni akifuta mikono.

"Huyu ni Baba Sekela," alimwambia mbwa. "Mwache apite."

Mkwe wangu, nyumba hii niliiezeka mwenyewe. Nilimpa mbwa wako onyo la mdomo palepale. Alinilamba kidole.

2. Kuhusu malazi.

Siku ya kwanza nilimpangia kituo chake rasmi: boksi lenye gunia ndani ya banda la kuni, mahali pakavu, pasipo na upepo wa moja kwa moja. Alilia. Nikamwambia Rhoda kuwa kila mtumishi mpya hulia akipelekwa kituo asichokizoea, na akipewa muda hunyamaza. Rhoda alinitazama.

"Baba Sekela, wewe mwenyewe umevaa masweta mawili, na uko ndani."

Boksi likahamia jikoni, kwa muda. Jikoni kukawa na moshi, likahamia ukumbini, kwa muda. Ukumbini watu wanapita, likahamia sebuleni, pembeni ya kiti changu. Uhamisho wote huo haukuwa na kibali changu. Nilikuwa nikiamka namkuta amepanda cheo. Leo hii boksi lenyewe limetupwa, na mbwa wako analala juu ya kile kiti, amevishwa sweta langu la kijani lililokatwa mikono. Mimi nakaa kwenye kigoda, na ninaambiwa nisikivute, kitamwamsha.

3. Kuhusu chakula.

Nilikuwa na mpango wa chakula chake: ugali na dagaa, asubuhi na jioni, kama mbwa wote waliokulia nchi hii. Rhoda akauliza mjini, akaambiwa mbwa mchanga bado tumbo lake ni laini, anatakiwa kula kidogokidogo mara nyingi. Basi akaanza kumpikia uji wa ulezi wenye maziwa. Uji unapozwa. Rhoda anauonja kwanza kwa ncha ya ulimi kuhakikisha haumuunguzi.

Asubuhi moja niliwekewa chai ya rangi. Nikauliza kwa upole maziwa yako wapi. Rhoda alijibu huku amenipa mgongo, anakoroga.

"Wewe umeshakua."

Nimeyatafakari maneno hayo kwa marefu na mapana. Sijapata mahali pa kuyakatia rufaa.

4. Kuhusu haja zake.

Hapa nitaandika kwa tahadhari, kwa kuwa wewe ni mkwe wangu na yapo mambo ambayo wakwe hawatajiani. Itoshe kusema kwamba kiatu changu cha kanisani cha kushoto kilitafunwa, na cha kulia kilipewa matumizi mengine.

Nilimwita daktari wa mifugo, binti mmoja mtulivu anayeitwa Bertilla, nikitarajia atatoa adhabu. Bertilla akasema mbwa mchanga hachapwi wala kusuguliwa pua kwenye uchafu wake. Anatolewa nje kila akimaliza kula na kila akiamka, na akijisaidia mahali panapotakiwa anasifiwa hapohapo, kwa sauti ya furaha.

"Asifiwe na nani?" niliuliza.

"Na wewe, mzee. Wewe ndiye usiye na kazi."

Kwa hiyo, mkwe wangu, mimi niliyekuwa nikiandika taarifa za utendaji za watumishi wa idara nzima, ambao walikuwa wakisubiri miaka kupata neno zuri kutoka kwangu, sasa nasimama uani kila asubuhi kwenye umande, kofia ya sufu kichwani, nikipiga makofi na kusema, "Vizuri sana! Safi! Hongera, baba, hongera!" kwa kiumbe kinachokojoa kwenye shina la mpera.

5. Kuhusu uadui wangu na jirani Isdori.

Hili ndilo limenichoma zaidi.

Unamfahamu Isdori, yule fundi seremala Mfipa wa upande wa pili wa ua wa michongoma. Mimi naye hatujasemezana tangu alipopunguza michongoma ile kutoka upande wangu bila taarifa. Ule ulikuwa uadui mzuri. Niliujenga mwenyewe na kuutunza kwa uangalifu. Tulikuwa tukikutana njiani kila mmoja anatazama kilele cha mlima wake. Mtaa mzima ulijua namna ya kuishi na sisi: msibani tuliwekwa kwenye mabenchi tofauti, na kwenye mikutano nikisema ndiyo yeye anasema hapana, shughuli zinakwenda haraka.

Asubuhi mojawapo ya kumpongeza mbwa, nilipofika kwenye "hongera, baba," nilisikia mtu anakohoa. Kichwa cha Isdori kilikuwa juu ya michongoma, mswaki mdomoni. Nilidhani atacheka, na nilikuwa tayari kwa hilo, kwani kucheka kwake kungeutia uadui wetu mbolea. Hakucheka. Alitoa mswaki akasema:

"Mpeleke upande wa jua, jirani. Hapo penye kivuli miguu inamuuma."

Sikujibu. Lakini nilimpeleka upande wa jua.

Baada ya hapo mbwa wako akagundua tundu kwenye michongoma. Alikwenda kwa Isdori akarudi na kandambili. Sikuwa na la kufanya. Mali ya mtu ni mali ya mtu, hata kama mtu mwenyewe ni Isdori. Niliibeba mkononi hadi mlangoni kwake, nikaiweka chini, nikageuka. Kesho yake akarudi na ya pili, nayo nikaipeleka. Siku iliyofuata mbwa aliingia tena kwenye tundu na hakurudi na kitu, wala hakurudi mwenyewe. Nikaenda kumdai. Nilimkuta amelala ndani ya takataka za randa, na Isdori ameketi kwenye mbao, hafanyi kazi, asije akamwamsha.

"Kaa," alisema. "Atakapoamka utamchukua."

Nikakaa. Mbwa wako analala sana, mkwe wangu. Mtu hawezi kukaa muda wote ule ananyamaza. Tulianza na hali ya hewa, tukaja bei ya mahindi, na tulipofika kwenye michongoma nikakuta sababu yangu imelegea: kumbe aliikata kwa sababu tawi lilimchoma mkewe jicho, na alikuja kuniarifu, akanikuta nimelala mchana, Rhoda akamwambia mume wake akilala haamshwi. Sasa Isdori anakuja kwangu kila jioni kunywa chai. Anatengeneza kijumba cha mbwa chenye paa la migongo miwili na dirisha. Amenipokonya adui, na mbwa wako ndiye aliyemfungulia njia.

6. Kuhusu ugonjwa wake.

Hapa naomba usome ukiwa umekaa.

Mbwa wako aliacha kula. Siku hiyo hakunibwekea nilipotoka mjini, nikafurahi, nikadhani hatimaye nimeidhinishwa. Kumbe hakuwa na nguvu za kubweka. Alitapika, akaharisha, akalala ubavu macho yametoka maji. Bertilla alipokuja aliuliza kama amechanjwa. Nilimjibu kwamba swali hilo lipelekwe bondeni. Hakucheka. Alisema ni ugonjwa unaoua watoto wengi wa mbwa, kwamba atamchoma sindano na kumtundikia maji, na sisi tumpe maji yenye chumvi na sukari kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kidogokidogo, kila mara, tusiache. "Wengine wanapona," alisema.

Tuligawana zamu: Rhoda, Isdori na mimi. Rhoda alikuwa akimshika anatetemeka, kwa hiyo zamu zake nyingi nikazichukua. Nilimfungua mdomo kwa vidole hivi viwili, nikamwagia matone. Akiyameza nilisema hongera. Akiyatema nilianza upya. Nakueleza haya ili ujue usumbufu ulionisababishia.

Ikaja Jumapili. Kanisani, wakati wa kutaja wenye mahitaji, miguu yangu ilisimama kabla sijaishauri. Nikasema, "Ndugu zangu, naomba mtukumbuke. Tuna mgonjwa nyumbani, hali yake si nzuri." Nikakaa. Sikusema uongo hata neno moja. Lakini Rhoda hakuwepo kanisani siku hiyo, na watu wakajumlisha wenyewe.

Mchana geti likafunguliwa, wakaingia akina mama wa kwaya na kitenge chao cha sare, wamebeba hotipoti, ndizi, maziwa na kuku mzima, wakiongozwa na Mama Jenifer, mwenye sauti ya kwanza. Wakamkuta Rhoda anafua. Kimya kilichofuata sijawahi kukisikia hata siku niliyosoma barua za kupunguza watumishi.

"Mgonjwa yuko wapi?" Mama Jenifer aliuliza.

Nikawaonyesha kiti. Walimzunguka, wakamtazama mbwa ndani ya sweta la kijani, na mpira wa maji umening'inia kwenye ndoano ya kalenda. Nilingoja watoke. Mama Jenifer akavuta pumzi. "Tumeshakuja," alisema, "na wimbo tumeshaupanga." Wakaimba, beti zote, kwa sauti nne. Katikati ya wimbo Isdori aliingia na msumeno wake, akavua kofia, akasimama ukutani na besi yake ambayo sikujua kama anayo. Mimi sikuimba. Jikoni walikuwa wanachoma pilipili, nadhani, macho yangu yakapata shida.

Kesho yake mbwa wako alinyanyua kichwa, akanywa maji mwenyewe kwenye kikombe changu, akashuka kwenye kiti akiyumba kama mlevi, akaanza kutafuna mkoba ambao Mama Jenifer aliusahau. Mpaka leo akina mama wa kwaya wananiuliza hali ya mgonjwa mbele ya mchungaji.

7. Kuhusu kelele.

Tangu Sekela aolewe na mwanao, mimi na Rhoda tulikuwa tumefikia utulivu wa hali ya juu. Tulikula tukisikiliza redio. Redio ikizimwa tulisikiliza saa ya ukutani. Zipo siku tulimaliza bila kusema zaidi ya "umeifunga milango?" na "nimeifunga." Mtu aliyestaafu anahitaji utulivu wa namna hiyo.

Sasa umekwisha. Rhoda anaongea kuanzia asubuhi. Anamweleza mbwa anachopika na kwa nini. Anamgombeza, anamwomba radhi, anamsimulia habari za utoto wake kule Tukuyu ambazo mimi mumewe nilikuwa sijawahi kuzisikia, na imenibidi nisogeze kigoda karibu na mlango wa jikoni ili nizipate vizuri. Juzi alicheka kwa sauti hadi akashika ukuta. Nilikimbilia kuzima redio, nikakuta haijawashwa.

Kwa sababu hizo zote, mkwe wangu, naomba yafuatayo:

(a) Uje wewe mwenyewe umchukue mbwa wako, mapema iwezekanavyo, kabla hajakamilisha chanjo zilizobaki, ambazo Bertilla ameshanipa ratiba yake na nimeibandika ukutani.

(b) Kama huwezi kuja, uitishe kikao cha koo zote mbili, Wasukuma wa kwako na Wanyakyusa wa kwangu, na mbwa mwenyewe awepo ajibu hoja. Mama yake naye aletwe, aeleze kama kweli anapambana na fisi au tulidanganywa tangu mwanzo.

(c) Kama kikao hakiwezekani, basi Kija amwandikishe mbwa huyu kuwa mtegemezi wake, kwa kuwa ni mali ya upande wa mwanamume, na Sekela aje kukaa nasi kwa muda ili amwangalie, pamoja na mjukuu atakapozaliwa.

(d) Unirudishie uadui wangu na Isdori katika hali uliyoukuta nayo. Kama huo hauwezi kurudi, unitafutie adui mwingine wa umri wangu, anayeishi jirani.

(e) Utamke kwa maandishi kwamba kurejeshwa kwa zawadi hii hakugusi ndoa ya watoto wetu, wala heshima iliyopo kati yetu, wala ng'ombe wowote walioshavuka kutoka upande wako kuja wangu.

Nakutakia afya njema katika kulitafakari suala hili. Msalimie sana Mama Kija. Wasalimie Sekela na Kija, mwambie Sekela ale matunda na asibebe ndoo. Salamu kwa wajukuu wengine, kwa majirani zako, kwa wachungaji wa mifugo na kwa ng'ombe yule mwenye pembe moja aliyenitazama vibaya kwenye harusi. Rhoda anawasalimu. Isdori naye, ambaye yupo hapa anasoma akiwa nyuma ya bega langu, anawasalimu.

Wako katika ujenzi wa ukoo,

L. A. Mwaipaja

Nakala: Sekela na Kija, kwa taarifa.

NYONGEZA

Mkwe wangu, barua hii nilikuwa nimeifunga kwenye bahasha, nikavaa suti, nikaenda stendi kumpa kondakta. Nimerudi nayo nyumbani, naifungua ili niongeze machache.

Mbwa alinifuata. Sikumwona, maana nilikuwa natembea nikisoma moyoni kipengele (b), ambacho naona kimetoka vizuri. Nilipita penye magunia ya mahindi, pale malori yanapopakia. Kufika stendi nikageuka, nikamwona mama muuza viazi ananionyesha barabara kwa kisu.

"Mzee, kale kambwa kalikokuwa kanakufuata, kameingia kwenye lori. Utingo alikapa andazi. Lori lenyewe hilooo, linaondoka, la Kasesya."

Kasesya ni mpakani. Ng'ambo ya pale ni Zambia. Nilisimama pale na bahasha mkononi, na ndani ya bahasha hiyo nilikuwa nimeomba kwa vipengele vitano kwamba mbwa huyu aondoke nyumbani kwangu. Sasa alikuwa anaondoka, bila kikao, bila gharama, na bila kumsumbua mtu yeyote bondeni. Ningeweza kurudi nyumbani nikanywa chai yenye maziwa.

Sijui nilivyofika kwenye bodaboda. Mwendeshaji anaitwa Tito, mtu mwenye mvi nyingi kuliko mimi, anayeendesha kwa adabu. Nilimwambia, "Fuata lori lile."

"Kuna nini ndani, mzee?"

"Mtu wangu."

Tito akaacha adabu. Tuliishika njia ya Matai, tai yangu ikanipiga usoni mpaka nikaivua, ikaenda na upepo. Tulipita lori la kwanza, halikuwa lenyewe. La pili lilikuwa na mbao. Vumbi la mashamba yaliyovunwa lilijaa mdomoni, na mimi nilikuwa naongea peke yangu. Nilikuwa nasema hajamaliza chanjo, hajamaliza chanjo. Nikawaza pia jinsi nitakavyofungua mlango na kumkuta Rhoda anapooza uji. Nilimpiga Tito begani aongeze mwendo.

Tuliliona limeegeshwa kando ya barabara kabla ya Matai, tairi limepata pancha. Dereva, bwana mnene anayeitwa Benjamini, alikuwa amekaa kivulini kwenye ndoo iliyopinduliwa, na mbwa amelala mapajani mwake, chali, anamwonyesha tumbo.

Nilimweleza kwamba yule ni mbwa wa kwangu. Akanitazama: suti, vumbi, hakuna tai.

"Mzee, samahani. Huyu nimemkuta garini, kavaa sweta, ni mbwa wa watu wanaompenda. Siwezi kumtoa kwa yeyote anayekuja. Kama ni wako, mwite jina lake. Akija, mchukue."

Hapa, mkwe wangu, ndipo penye aibu, na ndiyo sababu hasa ya nyongeza hii. Hatukuwa tumempa jina. Rhoda humwita "mwanangu." Isdori humwita "fundi." Mimi sikumwita chochote. Nilijaribu "mwanangu," kwa sauti ndogo, na Benjamini akatikisa kichwa. Nikajaribu "fundi." Mbwa alipiga miayo. Tito akasema, "Mzee, jikumbushe. Huwa unampigia kelele gani akiharibu kitu?"

Na mimi nikakumbuka. Kila alipotafuna kiatu, kila alipolowesha zulia, kila alipovuta kitambaa cha meza na vikombe vyake, nilikuwa nikitazama upande wa bondeni na kupaza sauti kwa neno lilelile. Wewe mkwe wangu sijawahi kukutaja jina mbele ya watu. Nakuita Baba Kija, hata kwenye usingizi. Lakini hasira haina adabu. Nikavuta pumzi, nikaita katikati ya barabara ya Matai:

"Ndalahwa!"

Mbwa aliruka kutoka mapajani kwa Benjamini kama aliyechomwa na siafu. Alinijia mbio, masikio nyuma, mkia unamvuruga mwili mzima, akanipanda suruali, na mimi nikakaa chini palepale kwenye changarawe na suti yangu.

"Huyo ni wako," alisema Benjamini.

Basi maombi yote (a) mpaka (e) nayafuta, isipokuwa lile la Sekela kuja kukaa nasi. Barua naituma hivyohivyo kwa sababu imenigharimu usiku mwingi wa kufikiri, na mwandiko umetoka vizuri. Mbwa hatoki. Ukija kumchukua utamkuta Isdori ameshafunga geti kwa misumari.

Nakuomba radhi kwa moyo wote juu ya jina. Tumejaribu kumbadilisha. Rhoda amejaribu Simba, Isdori amejaribu Jasiri, mchungaji mwenyewe alipopita akajaribu Danieli. Hageuki hata sikio. Linalomwingia ni hilo moja, na lazima liitwe kwa ukali. Kwa hiyo utakapokuja kututembelea, mkwe wangu, na ukiwa umekaa sebuleni kwa heshima zako zote ukasikia sauti yangu kutoka uani inasema, "Ndalahwa! Ndalahwa, toka kwenye jungu la watu, mshenzi wewe!", tafadhali usiitike.